Bunduki peke yake haitamaliza ADF



Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajaona hata mwaka moja wa amani.

ADF walitoka Uganda miaka ya 1990, wakajificha ku milima ya Rwenzori. Mwaka 2019 Dola la Kiislamu likaanza kujisifu kwa mauaji yao. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 Leta ikaweka utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa kumi na moja, jeshi la Uganda likaingia pamoja na FARDC: Operesheni Shujaa. Kambi zilibomolewa, ndiyo. Lakini wauaji walijigawa vikundi vidogo, wakahamia mbali. Mwezi wa saba 2025, kule Komanda, waliua watu zaidi ya 40, wengi walikuwa kanisani wakisali usiku. Mwezi wa tisa, kule Ntoyo, walikuta watu ku kilio, wakaua zaidi ya 60.

Juu ya nini haiishi? Angalieni mashamba. Mlimaji akiona watu wasiojulikana, anatoa alerti. Askari wanafika kesho yake, kuhesabu maiti. Kakao ikiiva, mlimaji anachagua: aende avune afe, ama abaki mjini na njaa. Akikimbia, mwingine anavuna. Ile kakao inauzwa. Nani ananunua? Hakuna mkubwa anajibu.

Na sisi? Tuko na diploma, kazi hakuna. Wale wa msituni wanajua. Vijana wengi walitekwa kwa nguvu, lakini kuna waliodanganywa kwa ahadi ya kazi, ya masomo, ya pesa. Hatusemi umaskini unahalalisha panga. Tunasema unalifungulia mlango.

Tena, Mwislamu jirani yako si ADF. Mwezi wa tano 2021, mjini Beni, imamu aliyekemea wauaji alipigwa risasi ndani ya msikiti. Tukianza kunyoosheana vidole mtaani, tunawafanyia kazi yao.

Kwa hiyo tunadai:

Moja, wakati wa mavuno askari wawe ku mashamba, si ku bariere za kukusanya pesa.

Mbili, kila alerti ijibiwe, na kamanda asiyejibu aulizwe mbele ya sheria.

Tatu, kila gunia la kakao lijulikane limetoka shamba la nani mbele ya kuvuka mpaka wa Kasindi.

Ine, barabara za kwenda mashambani zijengwe na vijana wa hapa, kwa mshahara wa kweli.

Na wewe unayetusikia: usisambaze picha za maiti wala uvumi. Andika majina ya waliouawa ku mtaa wako, tarehe na mahali. Siku ya haki ikifika, mtu asiseme hakujua.

Hatuombi huruma. Tunadai kazi ya Leta ifanyike. Hatutanyamaza!