Mwuguzi Mlangoni: Hotuba Juu ya Watoto Wenye Pumu



Mwisho wa maneno yangu nitaomba msaada, lakini kwanza sina budi kuwasimulia nilivyokosea.

Palikuwa na mtoto wa miaka minane aliyeletwa zahanatini kila mwezi, pengine mara mbili, usiku, kifua kikilia kama filimbi. Tulimpa dawa ya kuvuta, akapata nafuu, akarudi kwao. Katika cheti chake niliandika kwa mkono wangu kwamba mama hafuati maagizo, na siku moja nikamkaripia mbele ya watu. Mama yule hakujibu neno. Juma lililofuata nalikwenda kwao.

Chumba kilikuwa kimoja, watu sita. Jioni jiko la makaa liliingizwa ndani kwa sababu ya baridi, na karibu na kitanda cha mtoto palichomwa dawa ya mbu. Inhela zilikuwa mbili. Ile ya buluu, ifunguayo njia za hewa upesi, ilikuwa karibu kwisha. Ya pili, ya kuzuia uvimbe, haikuguswa, maana bibi yake alikuwa ameambiwa kwamba humzoeza mtoto hata asiweze kuishi bila yake. Nilipomwambia mtoto anionyeshe avutavyo, dawa karibu yote iliishia ulimini. Hakuna aliyepata kumtazama akivuta, wala mimi.

Yafaa wazee wajue kwamba katika pumu njia za hewa huwa zimevimba hata siku mtoto anapocheza vizuri. Dawa ya buluu hulegeza misuli iliyokaza, lakini uvimbe hubaki. Ile ya kuzuia huvutwa kila siku kama alivyoagiza daktari, mtoto akiwa mgonjwa au mzima, wala haimzoezi mtu kama tumbaku. Mtoto wa umri ule anayeamka usiku kwa kukosa pumzi, au anayehitaji ya buluu zaidi ya mara mbili kwa juma, pumu yake haijatulia, na yaweza kumwua.

Tulitoboa chupa ya plastiki ya nusu lita kitakoni, tukachomeka inhela na kuziba pembeni, mtoto akavuta kwa mdomo wa chupa, polepole. Msidhani ni mchezo: madaktari wa Afrika ya Kusini waliipima chupa ya namna hii mwaka 1999, wakaona yafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Jiko likatolewa nje. Kwa bibi nilirudi mara tatu. Hakukubali upesi, nami simlaumu. Tangu hapo mtoto ameletwa usiku mara moja tu. Mama yake nilimwomba radhi.

Sasa ombi langu. Wazazi wengi, fedha zikipungua, hununua ile ya buluu tu, kwa kuwa nafuu yake huonekana mara moja. Naomba mfuko wa chama uwasaidie wasiojiweza kununua ya kuzuia. Tena naomba wazee wawili au watatu wafuatane nami, kwani mlango unaonifungia mimi humfungukia mzee. Nitaanza Jumamosi, saa tatu asubuhi. Atakayekuwa tayari anipe jina lake kabla hatujaondoka hapa.