Picha za Maofisa na Kisumu ya Zamani



Maofisa wengi wa jeshi waliotumwa Afrika ya Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918 walirudi kwao na albamu. Humo walibandika picha walizopiga wenyewe, na kati yake postikadi za kununua madukani. Baadhi ya picha za zamani za nchi hizi zilikusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton. Mkusanyo wake, wenye picha zaidi ya 7,000 za miaka ya 1860 hadi 1960, umehifadhiwa katika Northwestern University, Marekani.

Kisumu haikukosa kupigwa picha, kwa kuwa ndipo reli ilipokoma. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence. Mtu akipata picha ya gati isiyo na tarehe, na atazame merikebu kwanza. Ikiwapo Usoga, picha haikupigwa kabla ya 1913. Ikiwapo Rusinga, si kabla ya 1914. Stempu nayo yasaidia, maana zenye majina ya Kenya na Uganda pamoja zilitolewa tangu 1922. Lakini stempu yaeleza siku kadi ilipotumwa tu, na wenye maduka hawakuona haya kuuza picha ile ile mwaka baada ya mwaka.

Septemba 1914 Wadachi waliingia Kisii. Askari wa K.A.R. wakapakiwa merikebuni Kisumu, wakashuka Kendu, na tarehe 12 wakapigana nao. Kapteni Thorneycroft aliuawa hapo. Jina lake lajulikana. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile, na wengi walitoka Nyanza, waliandikwa chini ya picha kuwa ni wapagazi tu, basi. Nao waliokufa katika Afrika ya Mashariki walizidi 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe.

Postikadi ndizo zilizozidi kwa kosa hili. Mjaluo wa Nyakach na Mluhya wa Bunyore wote waliitwa "Kavirondo", bila jina la baba wala la kijiji. Tena wauzaji walipenda watu wasiovaa nguo, kwa sababu kadi hizo zilinunuliwa upesi. Shule ya Maseno ilikuwa imefunguliwa tangu 1906, na vijana wakisoma na kuandika humo. Mnunuzi wa Ulaya hakuonyeshwa sana hayo.

Hata hivyo picha yaweza kurudi kwa wenyewe. Mwaka 1936 mtaalamu Evans-Pritchard alipiga picha nyingi katika nchi ya Wajaluo, zikawekwa katika Pitt Rivers Museum, Oxford. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walizileta nakala zake katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale, zikatazamwa vijijini na watu ambao wazee wao ndio waliopigwa.

Basi mwenye picha ya zamani nyumbani, hata iliyokunjika, na amwulize mzee kabla ya kuifungia sandukuni: huyu ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani? Majibu yaandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, taratibu, bila kukandamiza. Wino huenea penye unyevu, na unyevu wa ziwani wajulikana.