Kombania ya Uchukuzi Iliyogeuka Kuwa ya Vita

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini. Yamechapwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuwahi kufika.)



Twawaomba radhi kwa kuwachukua mbali usiku huu, hata nchi ya Vietnam. Sisi ni watu wa visiwa, na watu wa visiwa hawaulizi tu jina la chombo kilichotia nanga; huuliza kimepakia nini, na ni nani mwenye shehena. Basi hadithi yetu yaanzia chomboni.

Mnamo Januari 1962 meli ya Kimarekani iitwayo Card ilisimama baharini kiasi cha maili 10 kutoka mji wa Da Nang. Juu ya sitaha yake zilipangwa ndege za helikopta za Kombania ya 93 ya Uchukuzi, ya jeshi la nchi kavu la Marekani. Siku hiyo mawingu yalilala futi 100 tu juu ya maji. Hata hivyo marubani walizirusha ndege zao kutoka sitahani mpaka uwanjani pasipo ajali kubwa. Ulikuwa ni ustadi, na hatuoni haya kuusifu. Kabla yake, tarehe 11 Desemba 1961, meli nyingine, Core, ilikuwa imekwisha kufika Saigon na kuteremsha kombania mbili za namna hiyo hiyo, pamoja na watu wapatao 400.

Twaomba mlitazame vyema hilo neno "uchukuzi". Mapatano ya Geneva ya mwaka 1954 yalikataza kuongezwa majeshi ya kigeni katika Vietnam. Kwa hivyo Marekani ilisema kwamba watu wake ni washauri na wasaidizi; wapiganao ni Wavietnam wenyewe, na kazi ya helikopta ni kuwachukua tu, kama gari la shamba lichukuavyo nazi. Mnamo Juni 1962 Tume ya Kimataifa iliyowekwa kuyasimamia mapatano hayo ilizilaumu pande zote mbili: Kaskazini kwa kupeleka watu na silaha Kusini, na Kusini kwa kupokea msaada wa kijeshi wa Marekani. Lawama zilisomwa, zikawekwa kabatini. Watu wa Marekani waliokuwa kiasi cha 3,000 mwishoni mwa 1961 walipindukia 16,000 ilipomalizika 1963.

Ndege zenyewe zilikuwa za namna ya CH-21, zenye rafadha mbili, moja mbele na moja nyuma, na umbo lililopinda hata zikapewa jina la ndizi. Ziliundwa zichukue askari 20. Lakini hewa ya joto ni nyepesi, haiibebi rafadha kama ibebavyo hewa ya baridi, na katika joto la Vietnam mara nyingi zilichukua nusu tu ya hesabu hiyo.

Mnamo Septemba 1962 Kombania ya 93 ilihamishiwa Soc Trang, katika delta ya Mto Mekong, ambako Wajapani waliacha uwanja wa ndege tangu vita vikuu vya pili. Hiyo ni nchi ya mpunga na mifereji, ambayo askari wa miguu huweza kutembea siku nzima asifike popote. Helikopta ilimfikisha kwa dakika. Haifai kuficha kwamba mwanzoni jambo hilo lilifaulu sana. Wapiganaji wa Viet Cong, wakiona chombo kikiteremka kutoka mbinguni, walitoka mbio katika mabonde ya wazi, wakauawa kwa wingi. Ndipo viongozi wao walipoketi kulisoma jambo lile. Wakafundisha watu wao wasikimbie. Wajifukie chini ya miti kandokando ya mifereji, na wapige risasi mbele ya ndege, pale itakapokuwa, si pale ilipo. Mvuvi apigaye samaki kwa mkuki hana haja ya kuelezwa hesabu hiyo.

Somo hilo lilijibiwa tarehe 2 Januari 1963, katika kijiji cha Ap Bac. Wapiganaji wapatao 350 walikuwa wamejichimbia. Majeshi ya Saigon yaliyowakabili yalipindukia 1,000, yakiwa na mizinga na magari ya deraya. Ndege 10 za CH-21 zilichukua askari, zikilindwa na helikopta 5 mpya za UH-1 zenye rashasha na maroketi. Asubuhi ukungu ulichelewesha safari. Kisha ndege zikatua katika bonde la mpunga karibu mno na miti, na miti ile ikawaka moto wa bunduki. Moja haikuweza kuruka tena. Nyingine ikarejea kuwaokoa wenzake, nayo ikakwama. Ya tatu ikaja kuwaokoa waokozi, ikaanguka. Katika ndege 15, ndege 14 zilipigwa, na 5 zikapotea. Askari wa Saigon wapatao 80 waliuawa, na Wamarekani 3. Upande wa pili walikufa 18, na waliobaki wakaondoka usiku. Kesho yake jemadari wa Marekani aliuhesabu kuwa ni ushindi, maana kijiji kilitwaliwa. Naam, kilitwaliwa kitupu.

Katikati ya mwaka huo jina la uchukuzi lilifutwa, kombania ikaitwa ya 121. CH-21 zikaondolewa, UH-1 zikashika mahali pake, na baadaye jina likawa wazi kabisa: Kombania ya Helikopta za Mashambulizi. Hivyo, ndugu zetu, jina likafuata kazi. Vijana wale walijiita Simbamarara wa Soc Trang, na wakafuga simbamarara wa kweli kambini.

Wala tusimdhulumu rubani. Katika uwanja ule ule, tangu Machi 1964, zilikaa helikopta za kuchukua majeruhi chini ya Meja Charles Kelly. Waliwachukua Wamarekani na Wavietnam, mchana na usiku. Tarehe 1 Julai 1964 aliambiwa aondoke kwa sababu risasi zilikuwa nyingi. Akakataa kuwaacha majeruhi, na risasi ikampata kifuani. Chombo kilikuwa kimoja na rafadha ile ile. Hukumu yetu ni juu ya aliyekipeleka na jina alilokipa.

Ile meli Card ilitobolewa kwa baruti gatini Saigon tarehe 2 Mei 1964, ikazama, kisha ikainuliwa na kurudishwa kazini. Kombania nayo ilidumu Soc Trang mpaka mwishoni mwa 1970, ulipokabidhiwa uwanja kwa jeshi la anga la Saigon. Jeshi hilo lilikuwa nao mpaka Aprili 1975.