Kijana na Dawa Yake Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Masara)



Nataka kusema juu ya vijana wetu waliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Tangu mwaka 2006 dawa hutolewa bure katika hospitali za Serikali ya Kenya, na watoto ambao zamani wangalizikwa wachanga sasa wanabalehe mbele ya macho yetu.

Lakini dawa humezwa nyumbani, na wengi wao wanalelewa na bibi. Mtoto auliza, "Dawa hii ni ya nini?" Huambiwa ni ya kifua. Siku atakapojua kuwa alidanganywa, huenda akaiacha, na virusi vikapata nguvu tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aambiwe kweli, kidogo kidogo, kwa kadiri ya ufahamu wake.

Yako mafunzo ya jamaa yaliyoanzia Chicago, Marekani. Watu wa Durban, Afrika Kusini, waliyachukua wakayaita VUKA, yaani Amka. Hawakuyapokea kama yalivyo: walitunga hadithi ya picha ya jamaa ya kwao, mlezi na mtoto wakaisoma pamoja katika vikao 10. Kule Moshi, Tanzania, mafunzo ya Sauti ya Vijana nayo huwaita walezi katika baadhi ya vikao.

Nasi tuyapime kwa desturi zetu. Wazee mnakumbuka siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walifunzwa usiku, na duol, ambako wavulana waliwasikiliza wazee. Basi mafunzo yawe kwa Kijaluo, kwa njia ya hadithi, na bibi afundishwe kwanza. Jambo moja tu tulibadili: katika siwindhe wote walisikia pamoja, lakini habari hii ni siri ya kijana, na sheria ya mwaka 2006 inailinda. Tusiinong'one matangani.

Kijana amezaye dawa kila siku hata virusi visionekane katika damu hamwambukizi mwenzi wake. Ataoa, au ataolewa, na kuzaa. Mficha maradhi kilio humfichua. Tuwaambie watoto wetu kweli wakingali wanatusikiliza.