Anayekulinganishia Bima Hulipwa na Nani?



Nimeombwa nizungumzie tovuti zinazolinganisha bei za bima. Nitaanza na swali ambalo halimo katika fomu utakayojaza kwenye simu yako: huduma hii usiyoilipia, inalipiwa na nani?

Unaandika aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, thamani yake na matumizi yake. Mfumo huyapeleka majibu hayo kwa kampuni za bima zilizoingia mkataba na tovuti, kila moja hurudisha bei yake, nawe unaletewa orodha. Kampuni isiyo na mkataba haionekani, hata kama bei yake ni nafuu kuliko zote. Ukinunua, kampuni iliyokupata humlipa mwenye tovuti kamisheni, na kamisheni hiyo ni sehemu ya gharama zinazofidiwa kwa ada za wateja. Sisemi kuwa ni hila. Wakala wa mtaani kwenu naye huishi kwa kamisheni. Tofauti ni kwamba yeye unaweza kumketisha ukamhoji.

Uingereza ina uzoefu mrefu wa jambo hili, kwani tovuti ya Confused.com ilianza huko mwaka 2002. Wanunuzi walinufaika: kazi ya kupiga simu kampuni kumi ikawa ya dakika chache, na kampuni zikalazimika kushindana. Lakini soko nalo lilibadilika. Baadhi ya tovuti ziliweka katika mikataba yao kifungu kinachoizuia kampuni ya bima kuuza kwa bei ya chini katika tovuti pinzani. Tafakarini maana yake. Mpinzani akipunguza kamisheni ili mteja apate nafuu, nafuu hiyo haiwezi kumfikia mteja. Mwaka 2015 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilivipiga marufuku vifungu hivyo katika bima ya magari binafsi.

Vilevile, kampuni zilizoea kumshushia bei mgeni na kumpandishia kidogo kidogo mteja aliyehuisha bima mwaka hadi mwaka bila kuuliza. Tangu Januari 2022 msimamizi wa huduma za fedha wa huko amekataza mteja anayehuisha bima ya gari au ya nyumba kutozwa zaidi ya mgeni wa hali ileile.

Lipo jambo la tatu, nalo ni gumu zaidi kulitibu kwa amri. Orodha ikipangwa kwa bei, kila kampuni hutamani kukaa juu. Na njia rahisi ya kushusha bei ni kupunguza kile kisichoonekana katika orodha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza inataka ada ya shilingi 700,000 kwa mwaka, ya pili 820,000. Wengi wetu tungechagua ya kwanza bila kusoma zaidi. Sasa gari limegongwa na matengenezo ni shilingi 900,000. Mkataba wa kwanza unasema shilingi 500,000 za mwanzo za kila hasara utazibeba mwenyewe. Wa pili unasema 100,000. Kwa bima iliyoitwa nafuu umetoa, pamoja na ada, shilingi 1,200,000. Kwa ile ya ghali ungetoa 920,000. Na kama matengenezo yangekuwa shilingi 450,000, kampuni ya kwanza isingekulipa hata senti moja, wala isingevunja mkataba.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua mkataba wenyewe utafute kiasi hicho. Tazama pia kama wizi wa vifaa vya gari na mafuriko vimo. Bima ndogo haina mengi ya kulinganisha kwa namna hii. Ninayoyasema yanahusu hasa bima kubwa. Ukishalipa, hakiki stika yako katika mfumo wa TIRA MIS, maana risiti ya tovuti si uthibitisho kwamba bima ipo. Kampuni ikikataa kulipa nawe huridhiki, peleka lalamiko kwake kwa maandishi. Msipoelewana, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwisho, lile swali la matumizi ya gari. Nalitaja kwa uchungu, kwa kuwa kosa lake halionekani mpaka siku ya ajali. Mtu anachagua “binafsi” kwa sababu bei inashuka, na jioni anabeba abiria wa kulipa. Tovuti haitamkatalia, kwani haijui. Atakayeuliza ni mkaguzi wa kampuni, gari likiwa limeshaharibika. Jaza ukweli, kisha piga picha ukurasa wa majibu yako kabla hujaufunga.