Kikoi Mbele ya Msajili: Pingamizi la Alama ya Biashara Katika Nchi ya Kigeni

Alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi. Cheti kilichotolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, jijini Dar es Salaam hakimfungi mfanyabiashara wa London, wala aliyesajili jina London hapati kwa hilo haki yoyote Mombasa. Hata hivyo, mwenye cheti cha Uingereza anaweza kumzuia mfumaji wa Kenya asiuze kitambaa chake huko kwa jina lililosajiliwa. Kinga nafuu ni pingamizi, yaani kulipinga ombi kabla halijasajiliwa.

Msajili akiridhika na ombi hulitangaza katika jarida rasmi, na hapo siku huanza kuhesabiwa. Kenya na Tanzania Bara hutoa siku 60. Uingereza hutoa miezi 2, ambayo hufika 3 iwapo kusudio la kupinga limetangulia kuwasilishwa. Umoja wa Ulaya hutoa miezi 3. Marekani hutoa siku 30, na nyongeza zikiombwa, mwisho ni siku 180 tangu tangazo.

Sababu za kupinga ni za aina mbili. Aina ya kwanza inahusu alama yenyewe: kwamba neno linaitaja tu bidhaa, limekuwa jina la kawaida katika biashara, au limeombwa kwa nia mbaya. Nchini Uingereza mtu yeyote anaweza kuzitumia sababu hizo. Aina ya pili ni haki iliyotangulia, na hiyo hudaiwa na mwenyewe tu. Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwanda, kifungu cha 6bis, humlinda pia mwenye alama mashuhuri ambayo haijasajiliwa katika nchi husika.

Mfano wa aina ya kwanza ni kikoi. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy”, ambalo wauzaji wa vitambaa vya pwani ya Kenya walikuwa wakilitumia wote. Mwaka 2007 shirika la Traidcraft, likitetea wazalishaji wa Kenya, lililipinga ombi hilo kwa msaada wa mawakili waliofanya kazi bila malipo. Mwaka 2008 mwombaji aliliacha.

Shauri la Uingereza huanza kwa hati ya pingamizi inayotaja sababu. Mwombaji ana miezi 2 ya kujibu, na asipojibu ombi lake huhesabiwa limeachwa. Kisha huja ushahidi na uamuzi, na anayeshindwa kwa kawaida huchangia gharama za mwenzake. Ugumu uko kwenye ushahidi. Kuthibitisha kwamba neno ni la kawaida Lamu hakutoshi. Msajili hutazama linavyoeleweka kwa wafanyabiashara na wanunuzi wa Uingereza. Ankara, katalogi na matangazo ya huko ndiyo yenye uzito.

Muda wa kupinga ukipita, hubaki kuomba usajili ufutwe. Disney iliomba “Hakuna Matata” kwa fulana nchini Marekani mwaka 1994, ikasajiliwa 2003. Malalamiko ya mtandaoni yaliyokusanya saini zaidi ya 100,000 yalikuja 2018, na saini si shauri. Marekani hufunga sababu nyingi za kufuta usajili ukitimiza miaka 5, ingawa dai kwamba jina limekuwa la bidhaa yenyewe hubaki wazi.

Kwa hiyo vyama vya wazalishaji na ofisi za miliki bunifu za Afrika Mashariki zinapaswa kufuatilia majarida ya masoko makuu na kuweka kumbukumbu za mauzo ya nje mapema. Sheria humsikiliza anayefika kwa wakati akiwa na hati mkononi.