Zahanati Inahitaji Lenzi Tatu Tu
(Maneno ya mtaalamu wa maabara kwa kamati za parokia na wafadhili, Moa, mkoani Tanga)



Nianze na kosa. Katika maabara moja niliyowahi kufanya kazi tuliletewa lenzi ya msaada, mpya na ya bei kubwa. Tulipoifunga, picha ilikuwa na ukungu. Ilikuwa na alama ya ∞, na hadubini yetu ilikuwa ya 160. Siku hiyo mama mmoja alikuwa amebeba mtoto mwenye homa kali, nasi hatukuweza kumpa jibu.

Ndugu zangu, zahanati inahitaji lenzi tatu. Ya kwanza ni ya 10. Hiyo huonyesha mayai ya kichocho katika mkojo, na minyoo ya matende na mabusha katika damu iliyotolewa usiku. Ya pili ni ya 40, kwa choo na chembechembe za mkojo. Ya tatu ni ya 100, inayotumia mafuta maalumu, kwa malaria na kifua kikuu. Pamoja na lenzi ya jicho ya 10, hukuza mara 1,000.

Wengine huuliza: kwa nini tusinunue ya jicho ya 20, tupate mara 2,000? Picha itakuwa kubwa, lakini haitaonyesha kitu kipya. Tazameni namba ya pili kwenye lenzi: 100/1.25. Hiyo 1.25 ndiyo inayoeleza uwezo wa kutenganisha vitu vidogo.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatusaidia sana. Hata hivyo hakihesabu vimelea, na aina nyingi huweza kuonyesha ugonjwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hapo hadubini bado ni ya lazima.

Basi, kabla ya kununua, kamati imwombe mtaalamu wake aandike namba zilizo kwenye hadubini, 160 au ∞, na mfadhili apelekewe karatasi hiyo. Tena, hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kuvu huota ndani ya lenzi. Tengeni fedha kidogo kwa karatasi za kufutia, mafuta, na sanduku kavu la kuhifadhia.

Lenzi inayofaa ni ile itakayompa mama yule jibu la kweli.